SAUTI YA MWANAFUNZI NA ULIMI WA MWALIMU

(Maneno ya hotuba juu ya namna ifaayo ya kuwasahihisha vijana wasomao na waimbao)



Kisiwa cha Kiwayu ni kirefu na chembamba, nacho kimo upande wa kaskazini-mashariki wa visiwa vya Lamu, kikielekeana na pwani ya Mkokoni. Upande mmoja hupigwa na mawimbi ya bahari kuu, na upande wa pili maji hutulia kati ya mikoko. Wenyeji wake ni Wabajuni, na wengi wao ni wavuvi. Mahali kama hapa hapana jumba la muziki wala kinanda, lakini sauti zipo. Mtoto wa huko husoma Kurani chuoni kwa sauti, huitikia kasida siku za Maulidi katika Mfungo Sita, husikia wazee wakisoma tenzi, na akiingia shule huimba pamoja na wenziwe. Pengine huanza kutumia sauti yake mbele ya watu kabla hajajua kuandika jina lake.

Basi mtu asidhani kwamba kusahihisha sauti ya mwanafunzi ni kazi ya mafundi wa mjini peke yao. Kazi hiyo hufanywa kila siku na kila mwenye masikio: maalim wa chuo, mwalimu wa shule, mama, kaka mkubwa, na mzee aliyeketi barazani. Jambo la kuuliza ni kama inafanywa vema au vibaya. Ikifanywa vibaya, hasara yake si ndogo, hasa katika kijiji kidogo ambapo waimbaji wenyewe wanahesabika.

KIJANA ALIYEAMBIWA AKAE

Chukua mfano wa kijana mwenye umri wa miaka 13. Amechaguliwa kuimba kasida siku ya Maulidi. Kwa majuma mengi amejizoeza peke yake, asubuhi akiwa pwani na usiku akiwa kitandani. Siku yenyewe ikafika, akasimama mbele ya watu. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio, na kwa sababu hiyo akaanza kwa sauti ya juu kuliko desturi yake. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Alipofika mahali ambapo kasida hupanda, sauti ikakatika, ikatoka kama ya jogoo mchanga. Watoto wakacheka. Mzee mmoja, ambaye wala si mtu mbaya, akasema mbele ya wote, "Huna sauti wewe, mwanangu. Kaa, asome mwingine."

Kijana akakaa. Maulidi yaliyofuata hakuonekana katika safu ya waimbaji, wala yaliyofuata hayo.

Yafaa kuyapima maneno ya mzee yule. Hayakumwambia kijana kosa lilikuwa mahali gani. Hayakumwambia lilitokana na nini. Hayakumwambia afanye nini kesho ili lisirudi. Na zaidi ya hayo, hayakuwa ya kweli, maana sauti alikuwa nayo. Alilokosea ni mahali pa kuanzia. Kwa maneno machache mzee alifunga mlango ambao angeweza kuufungua kwa maneno machache vilevile.

Lakini kuna ulimi wa namna nyingine, nao pia huharibu. Huo ni ulimi wa asali. Mtu wa namna hiyo husema, "Mashallah, hodari sana!" kwa kila asomaye, aliyepata na aliyekosa. Mwanafunzi hufurahi siku ile, lakini huendelea na kosa lake miaka mitatu, mpaka siku atakapokwenda mahali pengine na kusahihishwa na wageni wasiomwonea huruma. Wazee walisema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Sifa isiyotaja jambo lolote haina faida kuliko lawama isiyotaja jambo lolote. Zote mbili humwacha mwanafunzi pale pale alipokuwa.

NAHODHA NA MSHIKA USUKANI

Watu wa Kiwayu wanayo njia njema ya kusahihisha, nao huitumia kila siku baharini. Kijana anapojifunza kushika usukani, chombo huanza kwenda upande. Nahodha mwenye akili hamwambii, "Wewe si baharia." Akisema hivyo chombo kitazidi kwenda mrama. Humwambia, "Omo limekwenda kulia. Upepo umegeuka. Legeza kamba ya tanga kidogo." Katika maneno hayo mna mambo matatu: kosa liko wapi, sababu yake nini, na dawa yake nini. Kijana hutenda, huona chombo kikirudi katika njia yake, na tangu siku ile amejua.

Hivyo ndivyo ipasavyo kumsahihisha mwenye kuimba. Badala ya kumwambia, "Unasoma vibaya," mwalimu aseme, "Katika ubeti wa tatu ulivuta pumzi katikati ya neno, kwa sababu ulianza ubeti bila ya kujaza kifua. Vuta pumzi kabla ya kuanza, kisha upumzike mwisho wa kipande." Badala ya kusema, "Husikiki," aseme, "Mwanzo wa mistari yako wasikika vizuri, lakini miisho waimeza. Fungua kinywa mpaka silabi ya mwisho." Na sifa nayo iwe na mahali pake: "Pale uliposhusha sauti katika dua, watu wote walinyamaza. Shika desturi hiyo." Mwanafunzi anayeambiwa hasa alichofanya vema ataweza kukifanya tena, anayeambiwa tu kwamba ni hodari hajui ashike lipi.

KOSA KUBWA NA KOSA DOGO

Wako walimu ambao hawana ukali wala hawadanganyi, lakini husahihisha mambo kumi kwa mara moja. Mtoto hawezi kubeba mizigo kumi. Hapana budi kuchagua lipi litangulie.

Katika jambo hili elimu ya tajwidi, ambayo ni elimu ya kusoma Kurani sawasawa, imetoa fundisho ambalo hata mwalimu wa nyimbo za shule aweza kulitumia. Wanazuoni wake wameyagawa makosa ya msomaji mafungu mawili. La kwanza ni kosa la dhahiri, kama vile kubadili herufi au irabu, ambalo hata asiye mwanachuoni aweza kulitambua. La pili ni kosa la kufichika, ambalo hujulikana na wenye elimu hiyo tu, kama vile kupunguza kidogo urefu wa herufi inayovutwa, au kutokamilisha mlio wa puani.

Mfano unaojulikana sana ni wa neno la Kiarabu "qalb", maana yake moyo. Herufi yake ya kwanza hutoka nyuma kabisa ya ulimi. Mtoto akiitamka mbele zaidi, kama "k" ya Kiswahili, neno huwa "kalb", na maana yake ni mbwa. Hilo ni kosa la dhahiri, nalo halingoji. Mwalimu akiliacha, akashughulika na uzuri wa mahadhi, amekuwa kama mtu anayepaka chombo rangi hali maji yanaingia.

Basi utaratibu ni huu: kwanza maneno yawe sahihi, pili pumzi na vituo viwe mahali pake, tatu mahadhi yawe sawa, na mwisho pambo. Katika kila somo yatosha jambo moja au mawili. Yaliyobaki mwalimu ayaandike katika daftari lake, nayo yatapata siku yake.

LIPI SI KOSA

Tena ni lazima anayesahihisha ajue lipi ni kosa na lipi ni lugha ya kwao. Herufi za Kurani zina mipaka yake, wala hazibadiliki kwa kufuata mji. Lakini utenzi wa Kiswahili una mji wake. Mwana Kupona binti Msham, aliyezaliwa Pate, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858, naye aliutunga kwa Kiswahili cha visiwa hivi hivi vya kaskazini. Katika Kiamu "macho" huitwa "mato", na "nchi" huitwa "nti". Wabajuni nao wana Kitikuu chao, chenye matamshi yake.

Ikiwa mshairi wa Lamu ameimaliza mistari yake kwa sauti ya "to", na mwalimu kutoka bara akamlazimisha mtoto kusema "macho" mahali pa "mato", hakumsahihisha mtoto. Amelivunja shairi, maana kina kimepotea. Mwalimu huyo yampasa aulize kwanza. Kuuliza hakumpunguzii heshima. Mtoto akiona kwamba mwalimu wake yuko tayari kujifunza neno la Kitikuu kwake, naye atakuwa tayari kujifunza pumzi na vituo kwa mwalimu.

Lililo kosa katika utenzi ni jambo jingine. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu hukubaliana vina, na cha nne huchukua kina kimoja kinachorudi tangu mwanzo wa utenzi mpaka mwisho. Kina hicho ndicho sikio la msikilizaji linachokingojea. Msomaji akikimeza, au akikata pumzi kabla hajakifikia, ameuvunja utenzi hata kama kila neno alilitamka vizuri. Hapo ndipo pa kusahihisha.

SAUTI HUTOKA MWILINI

Makosa mengi ya waimbaji vijana hayatokani na uvivu wala ujinga. Hutokana na mwili. Anayesahihisha asipolijua hili atamlaumu mtoto kwa jambo asiloliweza.

La kwanza ni pumzi. Mtoto anapoambiwa avute pumzi, mara nyingi huinua mabega. Pumzi hiyo ni fupi, nayo hukaza shingo. Pumzi njema huingia chini: mbavu hupanuka na tumbo hutoka mbele kidogo, mabega yakibaki yametulia. Mwalimu aweza kumwambia aweke mkono juu ya tumbo, ajionee mwenyewe. Hilo laeleweka upesi kuliko maneno mengi.

La pili ni mahali pa kuanzia. Anayeanza juu mno hana pa kupandia. Mwalimu ampe sauti ya kuanzia, au amfundishe kuijaribu kimoyomoyo ile sehemu iliyo ya juu kabisa kabla hajafungua kinywa. Sehemu ile ikimfaa, mwanzo nao utamfaa.

La tatu ni umri. Mvulana anapobaleghe, kisanduku cha sauti kilichomo kooni hukua, na nyuzi mbili za sauti hurefuka na kuwa nene. Sauti hushuka, na kwa miezi kadha haitulii. Huweza kukatika ghafula bila ya hiari yake. Wasichana nao hubadilika sauti, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Kijana aliye katika hali hiyo hakuharibika. Asilazimishwe kupiga sauti za juu alizoziweza mwaka uliopita, wala asifukuzwe. Apewe sehemu ya chini, aimbe kwa nguvu kidogo, anywe maji, na apumzike sauti inapokauka. Na mtoto au mtu mzima ambaye sauti yake imekauka kwa zaidi ya majuma matatu apelekwe kwa daktari.

KUJISIKIA MWENYEWE

Watu wengi wanaposikia sauti zao zimenaswa katika chombo hukataa na kusema, "Huyu si mimi." Sababu yake ni kwamba mtu anaposema au kuimba, sehemu ya sauti humfikia masikioni kwa kupitia mifupa ya kichwa chake, na sehemu nyingine kwa kupitia hewani. Wenziwe huisikia ile ya hewani tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayebisha kwamba hakumeza miisho ya maneno pengine hasemi uwongo. Yeye aliisikia.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri. Siku hizi jambo lililohitaji safari ya kuvuka bahari hufanywa kwa simu iliyomo mfukoni. Mwalimu na aitumie. Mwanafunzi aimbe, kisha asikilize, kisha mwalimu amwulize kwanza, "Wewe mwenyewe wasikia nini?" Mara nyingi mwanafunzi atalitaja kosa kabla ya mwalimu, na kosa ambalo mtu amelitambua mwenyewe huondoka upesi kuliko aliloambiwa. Ila sauti hiyo isipelekwe kwa watu wengine bila ya ruhusa yake na ya wazazi wake. Kosa lililotokea chuoni halipasi kuchekwa mji mzima.

MBELE YA WATU NA FARAGHANI

Kuna kusahihisha kunakofaa mbele ya watu, na kuna kusikofaa. Imamu akisahau aya katika sala, aliye nyuma yake humtajia neno lililompotea. Hamkemei, wala hamwelezi sababu za kusahau. Humpa neno, na sala huendelea. Hiyo ndiyo kanuni njema kwa kila aliyesimama mbele ya watu: mpe kinachomwezesha kuendelea, na mengine yangoje.

Katika mashindano desturi ni nyingine. Mashindano ya Muziki ya Kenya, ambayo yalianza mwaka 1927, yana waamuzi wanaotoa alama na kueleza waliyoyasikia. Huko mwimbaji amekuja akijua kwamba atahukumiwa. Hata hivyo alama peke yake haifundishi kitu. Shule iliyopata 78 na iliyopata 84 zote zataka kujua tofauti ya alama sita imetoka wapi. Mwalimu anaporudi kijijini na wanafunzi wake, kazi yake ni kuyageuza maneno ya mwamuzi yawe mazoezi: juma hili pumzi, juma lijalo miisho ya maneno. Asiyageuze yakawa fimbo ya kumpigia mmoja aliyekosea, kwa maana waimbaji wa kundi hushinda pamoja na hushindwa pamoja.

Waislamu wanayo mafundisho ya zamani juu ya jambo hili. Imepokewa kwamba Mtume alisema kuwa msomaji wa Kurani anayesita na kupata taabu katika kusoma ana thawabu mbili. Hakumwambia akae chini. Imepokewa pia kwamba alimsikiliza sahaba Abu Musa al-Ash'ari akisoma usiku, kisha akamsifu kwa uzuri wa sauti yake, akiifananisha na vinanda vya jamaa ya Daudi. Abu Musa akajibu kwamba lau angalijua kuwa anasikilizwa, angalizidi kuipamba. Hivyo ndivyo sifa ya kweli itendavyo kazi: aliyesifiwa alitaka kufanya vizuri zaidi, wala hakuridhika na alipofika.

MANENO YA MWISHO

Yafaa sasa kumrudia yule kijana wa miaka 13. Kama watoto wangalinyamazishwa, na mwenziwe mmoja angaliupokea ubeti ule kwa sauti ya chini ili auendeleze, kasida ingalikwisha salama. Na baada ya watu kutawanyika, mzee yule angalimwita kando.

"Mwanangu, hebu njoo."

"Labeka, maalim."

"Maneno yako yote yalikuwa sawa, hukukosa hata moja. Ila ulianza juu, na umri wako huu sauti inageuka. Hata mimi yangu iligeuka. Kesho anza hapa." Na mzee angaliimba mstari mmoja, polepole, kwa sauti ya chini. "Haya, wewe."

Yote hayo hayachukui muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha kahawa. Hayahitaji fedha wala vyombo. Yahitaji mtu aliyesikiliza kwa makini, akajua mahali pa kosa, akamngoja mwenye kosa mpaka watu waondoke.

Habib Saleh, ambaye jina lake limeambatana na Msikiti wa Riyadha wa Lamu na Maulidi yake, alifariki mwaka 1935. Hata leo watu husafiri kwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi hayo, na sauti zinazosikika huko si za watu wa zama zake. Kila moja ilipokewa kwa aliyetangulia, naye alipokea kwa mwingine. Mnyororo wa namna hiyo haukatiki kwa kukosa vitabu. Hukatika siku mtoto anapoambiwa hana sauti, akaamini.

Basi kila aliye na mtoto wa kumsikiliza jioni ya leo, Kiwayu au Nairobi, chuoni au jikoni, na amsikilize mpaka mwisho. Kisha amtajie jambo moja alilolifanya vema na jambo moja la kutengeneza, amwonyeshe namna ya kulitengeneza, na amwambie arudie.